Kitu Kinafanya Kazi, Lakini Unajua Kwa Nini? Stori ya Kawaya Kadogo Ndani ya Redio

Wasee, leo nimekuja kurekebisha kitu.

Miezi michache iliyopita niliweka video fupi kuhusu Mmarekani anaitwa Lee de Forest. Nilisema huyu jamaa ndiye "baba wa redio". Nikasema mwaka wa 1906 aliingiza waya mmoja ndani ya balbu, na kutoka hapo kila kitu cha elektroniki unachokijua kikazaliwa. Video ilifanya vizuri. Mlisambaza, mlinisifu, na mimi nikavimba kichwa kidogo, siwezi kudanganya.

Shida ni kwamba nusu ya video ile ilikuwa kweli na nusu ilikuwa porojo, na mimi mwenyewe sikujua nusu gani ni gani. Nilijua tu baada ya fundi mmoja mzee kuniuliza swali la maneno manne.

Ilikuwa hivi. Guka alituachia redio kule ocha. Ni ya mbao, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, na mbele ina kitambaa cha kahawia kinachofunika spika. Ilikuwa imekaa juu ya kabati miaka yote, ikiwa imewekewa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama vile ni kiti cha mgeni. Niliifunga kwa leso, nikapanda nayo gari mpaka Nairobi, nikaipeleka Luthuli kwa mzee mmoja ambaye watu waliniambia bado anashika hizi za zamani.

Mzee aliifungua nyuma, akapuliza vumbi, akachomoa kitu kama balbu nyembamba yenye miguu mingi ya chuma, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni valvu," akasema.

Mimi nikaona ni wakati wangu. "Hiyo naijua, mzee. Ndani kuna gridi. De Forest ndiye aliivumbua."

Akanitazama juu ya miwani. "Vizuri. Na gridi inafanya nini?"

Wasee, nilinyamaza kama maji ya mtungi. Mwishowe nikajaribu: "Si inaongeza... nguvu?"

Akacheka polepole, bila kunidharau. "Kijana wangu, gridi haina nguvu yoyote. Nguvu inatoka kwa stima. Gridi inaamua tu."

Nilitoka hapo na aibu yangu. Nilikuwa nimemsifu mtu kwa kitu, mbele ya maelfu ya watu, na sikujua kile kitu kinafanya nini. Nikaanza kusoma upya. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyogundua jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha pamoja: De Forest naye hakujua.

Balbu iliyochafuka

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1880, Thomas Edison na watu wake huko Marekani wanahangaika na balbu za taa. Balbu zinachafuka. Kioo kinakuwa cheusi kwa ndani. Katika kutafuta chanzo, wanaingiza kipande cha chuma ndani ya balbu, kisichogusana na ule waya unaowaka. Kumbe! Stima inapita kutoka kwa waya wa moto hadi kwenye kile chuma, ikivuka nafasi tupu. Hakuna kitu kinachoviunganisha.

Edison aliandikisha ugunduzi huo, akapata hataza, yaani ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni lako, kisha akaendelea na mambo mengine. Hakujua ni nini kilichokuwa kinavuka. Hatumlaumu, kwa sababu elektroni yenyewe ilikuja kutambuliwa 1897, na J.J. Thomson kule Uingereza. Leo tunajua kwamba waya ukipata moto sana, elektroni zinaruka kutoka kwake, na zikiona chuma chenye chaji chanya karibu, zinakimbilia huko.

Mwaka wa 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi, akakumbuka jambo hilo. Redio ya wakati huo ilikuwa na shida ya kunasa mawimbi. Mawimbi yanakuja na kurudi, yanakuja na kurudi, na unahitaji kitu kinachoyaruhusu kupita upande mmoja tu. Fleming akaona ile balbu ya Edison inafanya hivyo hasa: elektroni zinatoka kwenye waya wa moto kwenda kwenye bamba la chuma, na hazirudi. Akaiita valvu, kwa sababu inafanya kama ile vali ya bomba la maji inayozuia maji kurudi nyuma.

Lakini valvu ya Fleming ilikuwa mlango tu. Sauti dhaifu ikiingia, sauti dhaifu inatoka. Hakukuwa na kitu cha kuikuza.

Kijana wa Talladega

Sasa anakuja De Forest. Alizaliwa Iowa mwaka wa 1873, akakulia Talladega, Alabama, ambako baba yake, mchungaji, alikuwa mkuu wa chuo kilichosomesha watu weusi. Wazungu wengi wa mji waliitenga familia yao kwa sababu hiyo. Alikua akiwa mpweke, akiota kuwa mvumbuzi maarufu na tajiri. Akasoma, akapata shahada ya udaktari kutoka Yale mwaka wa 1899, akaingia kwenye biashara ya redio.

Mwishoni mwa 1906 alikuwa anachezacheza na balbu kama ya Fleming. Alijaribu kuweka kipande cha tatu cha chuma sehemu mbalimbali. Mwishowe akakiweka katikati, kati ya waya wa moto na lile bamba. Kwa kuwa bamba zima pale katikati lingeziba njia, alitumia waya mwembamba uliokunjwakunjwa zigizaga, wenye nafasi za elektroni kupenya. Ule waya ndio ukaitwa gridi. Chombo chenyewe akakiita Audion. Aliomba hataza Januari 1907, akaipata Februari 1908.

Hapo ndipo video yangu iliishia. Makofi, muziki, kwaheri.

Sasa ngoja nikueleze kile ambacho sikukueleza.

Makanga na shilingi yake

Siku ile nikitoka kwa fundi nilipanda matatu. Nimekaa karibu na mlango, redio ya guka iko magotini, nawaza lile neno: "inaamua tu". Makanga akagonga bodi kwa shilingi. Ko! Gari zima, watu thelathini na kitu, injini inayonguruma, likasimama. Abiria akashuka. Ko-ko! Likaondoka.

Nikamwangalia yule makanga. Hasukumi gari. Hana nguvu ya kusukuma hata tairi moja. Nguvu yote inatoka kwa injini. Lakini mgongo ule mdogo wa shilingi ndio unaamua nguvu yote hiyo iende au isimame.

Hiyo ndiyo gridi.

Ndani ya valvu kuna waya wa moto, tuuite kathodi, unaotoa elektroni. Ng'ambo kuna bamba, anodi, lenye volti nyingi chanya, mara nyingi makumi au hata mamia, linalozivuta. Elektroni zina chaji hasi. Gridi inakaa katikati, tena karibu zaidi na kathodi. Ukiipa gridi volti hasi kidogo tu, inazifukuza elektroni nyingi zirudi zilikotoka, kwa sababu hasi na hasi hazipatani. Ukipunguza ule uhasi kidogo, mafuriko yanapita.

Na tofauti na makanga, gridi haijui tu "simama" na "twende". Inajua kila kitu kilicho katikati. Hapo fikiria mkono kwenye mfereji: unafungua kidogo, unaongeza, unapunguza. Sauti dhaifu kutoka kwa antena inapanda na kushuka kwenye gridi kwa sehemu ndogo ya volti, na yale mafuriko ya kwenda kwenye anodi yanapanda na kushuka vilevile, kwa umbo lilelile, ila makubwa zaidi. Na kwa kuwa gridi ina chaji hasi, elektroni hazitui juu yake, kwa hivyo yenyewe haili karibu stima yoyote. Mnong'ono unaongoza mto.

Sasa chukua ule mto uupeleke kwenye gridi ya valvu ya pili. Halafu ya tatu. Mnong'ono umekuwa mkutano wa hadhara.

Alikuwa nayo miaka sita

Hapa ndipo mambo yanapokuwa machungu. De Forest hakuitazama gridi hivyo. Kwa miaka karibu sita baada ya 1906 aliitumia Audion hasa kunasa mawimbi, kama Fleming, tofauti ni kwamba yake ilinasa vizuri zaidi. Aliamini siri iko kwenye gesi kidogo iliyobaki ndani ya kioo. Alifikiri ile gesi ndiyo inayofanya kazi, kwa hivyo akahakikisha haitolewi yote.

Kumbe gesi ndiyo iliyokuwa adui. Elektroni zilipokuwa zikipita zilikuwa zinagongana nayo, na ukiongeza volti kidogo, balbu inajaa mwanga wa buluu na kazi inaharibika. Kila Audion ilikuwa na tabia yake, hakuna mbili zilizofanana. Ilipofika 1913, De Forest na wenzake wa kampuni walishtakiwa Marekani kwa udanganyifu wa kuuza hisa kupitia posta, na upande wa mashtaka ukaitaja Audion kuwa kitu kisicho na thamani. Wenzake wawili walipatikana na hatia. Yeye aliachiliwa.

Fikiria hiyo. Kitu ambacho kingebeba karne nzima mgongoni kilisimamishwa kizimbani kama takataka, na mwenye nacho hangeweza kukitetea kwa kueleza kinavyofanya kazi.

Nani basi aliyeelewa?

Wa kwanza nitamtaja Harold Arnold. Mwishoni mwa 1912 De Forest alipeleka Audion kwa kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ili waone inavyoweza kukuza sauti ya simu. Arnold, mwanafizikia kijana huko, aliuona ule mwanga wa buluu akajua papo hapo tatizo ni gesi: inyonyeni yote itoke, mbaki na ombwe safi. Kampuni ilinunua haki ya kutumia Audion kwa simu kwa dola 50,000. Karibu wakati huohuo Irving Langmuir wa General Electric naye alifikia wazo la ombwe safi kwa njia yake.

Matokeo? Tarehe 25 Januari 1915, Alexander Graham Bell akiwa New York alizungumza na Thomas Watson, msaidizi wake wa zamani, aliyekuwa San Francisco. Waya wa zaidi ya kilomita 5,000. Sauti ilikuwa ikichoka njiani, na valvu zilizowekwa kwenye vituo vya katikati zilikuwa zikiishika, zinaikuza, zinaipitisha mbele. Gridi ya De Forest, ndio. Lakini ombwe la Arnold.

Mwanafunzi aliyepima

Wa pili ndiye aliyenikaa moyoni. Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa 1890, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, bado anaishi kwa wazazi wake Yonkers. Umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Alipata Audion kama watundu wengine wa redio walivyopata. Lakini badala ya kuitumia tu, alikaa chini akaipima. Volti hii kwenye gridi, stima kiasi gani kwenye anodi? Ukibadilisha hapa, pale panakuwaje?

Alipoona kwa namba kwamba ule mto wa anodi ni nakala kubwa ya mnong'ono wa gridi, wazo likamjia mwaka wa 1912: vipi nikichukua sehemu ya kile kinachotoka niirudishe kwenye gridi ikuzwe tena? Na tena? Na tena?

Unajua ile kelele ya "wiiiii" kanisani maikrofoni ikisogezwa karibu na spika? Ni kitu kilekile. Sauti inatoka, inaingia tena, inakuzwa, inatoka, inaingia. Armstrong aligundua kwamba ukiidhibiti hiyo hali usiifikishe kwenye "wiiiii", valvu moja inasikia stesheni za mbali ambazo hakuna aliyekuwa akizisikia vizuri. Na ukiiacha ifike pale, valvu inaanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Yaani kitu kilekile ni redio ya kupokea na pia ni mtambo wa kurusha.

Baba yake alikataa kumpa pesa za hataza mpaka amalize masomo. Kwa hivyo Januari 1913 alichora mchoro wake akaupeleka kupigwa muhuri na wakili, angalau tarehe iwe imeandikwa. Mwisho wa 1914 alichapisha maelezo ya jinsi Audion inavyofanya kazi kweli, pamoja na michoro ya vipimo. Hiyo hapo, miaka minane baada ya gridi kuzaliwa, na aliyeieleza ni kijana wa miaka 23.

Kila gridi ni jibu la "kwa nini"

Watu walipoanza kuelewa, walianza kusonga. Hii nitaipitia haraka, lakini ni muhimu.

Valvu yenye gridi moja ilikuwa na ugonjwa: kwenye mawimbi ya kasi, anodi na gridi ziko karibu sana hadi sauti iliyokuzwa inavuja na kurudi kwenye gridi bila kualikwa. "Wiiiii" tena. Kwa nini? Kwa sababu vyuma viwili vilivyokaribiana vinaambukizana chaji. Dawa? Weka gridi ya pili katikati kama pazia. Walter Schottky Ujerumani na Albert Hull Marekani walikuwa kati ya waliolifanyia kazi wazo hilo.

Pazia likaleta ugonjwa mwingine. Elektroni zilikuwa zinaigonga anodi kwa kasi mpaka zinang'oa elektroni nyingine kutoka kwenye bamba lenyewe, na zile zilizong'olewa zinakimbilia kwenye pazia. Mwaka wa 1926 Bernard Tellegen wa Philips, Uholanzi, akaweka gridi ya tatu ya kuzirudisha nyumbani. Ile valvu nyembamba ambayo fundi aliinua kwenye mwanga ilikuwa ya aina hiyo. Gridi tatu, maswali matatu yaliyojibiwa, ndani ya kioo kisichozidi kidole.

Redio za valvu ndizo zilizokuwepo matangazo yalipoanza Nairobi mwaka wa 1928, yakiwalenga walowezi wa Kiingereza. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi wa posta wa Uingereza, Tommy Flowers, mtoto wa mwashi, alipendekeza mashine ya kuvunja siri za Wajerumani yenye valvu karibu 1,600. Wakubwa walitilia shaka: valvu zinaungua ovyo, mashine haitamaliza siku. Flowers alijua kitu wasichokijua, kwamba valvu huharibika hasa ukiiwasha na kuizima kila mara. Iache imewaka na itadumu. Mapema 1944 mashine yake, Colossus, ilikuwa kazini Bletchley Park.

Halafu ikaja transista, Desemba 1947, kutoka maabara za kampuni ileile ya simu iliyonunua haki za De Forest. Na kati ya 1959 na 1960, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri, pamoja na Mkorea Dawon Kahng, wakatengeneza aina ya transista ambayo iko kwa mabilioni ndani ya simu unayoshika sasa. Haina kioo wala waya wa moto. Lakini ina sehemu ndogo iliyotengwa, isiyokula karibu stima yoyote, inayoamua mkondo upite au usipite. Wanaiita geti. Makanga bado yuko mlangoni, manze. Amebadilisha sare tu.

Mahakama

Nimeiacha mahakama mpaka mwisho makusudi.

De Forest na Armstrong walipigania lile wazo la kurudisha sauti kwenye gridi kwa karibu miaka 20. De Forest alisema ni lake. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa daftari la maabara la Agosti 1912: yeye na msaidizi wake walikuwa wanajaribu kukuza sauti ya simu, wakaunganisha waya kwa namna fulani, chombo kikalia "wiiiii". Kwao wakati ule ilikuwa kero ya kuondolewa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa De Forest ushindi 1928, ikampa tena 1934. Kisheria, aliyeisikia ile kelele kwanza ndiye mvumbuzi.

Wahandisi wenyewe hawakukubali. Mwaka huohuo wa 1934 Armstrong alienda kwenye mkutano wa taasisi ya wahandisi wa redio kurudisha medali waliyompa miaka mingi iliyotangulia kwa kazi hiyo. Walikataa kuipokea. Watu waliokuwa wakiijenga redio kwa mikono yao walisema kwa vitendo: sisi tunajua nani alielewa.

Armstrong ndiye pia aliyetupatia FM. Ndio, FM hiyohiyo ya kwenye matatu yako asubuhi. Nayo ikamletea kesi nyingine ndefu na makampuni makubwa, ikammaliza pesa, ndoa na moyo. Alijiua mwaka wa 1954. Mjane wake, Marion, alizishika zile kesi akaziendeleza moja baada ya nyingine, na ya mwisho akaishinda 1967. (Kama wewe uko mahali pazito hivyo, tafadhali ongea na mtu leo. Kesi inaweza kungoja.)

Na De Forest? Mwaka wa 1950 alichapisha kitabu cha maisha yake. Unajua alikiita nini? "Baba wa Redio". Lile jina nililompa kwenye video, mimi nikidhani ni historia imempa, alijipa mwenyewe.

Marekebisho yangu

Basi hii hapa, rasmi.

De Forest aliiweka gridi katikati. Hilo ni lake na hatumnyang'anyi. Bila ule mkono wa kuthubutu, Armstrong hangekuwa na kitu cha kupima. Kuna watu watasema, na wana hoja, kwamba kuthubutu ndiko kugumu, kueleza kunakuja baadaye. Nakubali nusu. Lakini angalia miaka: kuanzia 1906 hadi 1912 gridi ilikuwepo na dunia haikubadilika sana. Watu walipoanza kuuliza "kwa nini", ndani ya miaka mitatu sauti ya mtu ilikuwa imevuka bara.

Na hapa sizungumzi nao, najizungumzia mimi. Na wewe kidogo, usinikasirikie. Kizazi chetu kinajua kubonyeza. Kitu kikifanya kazi tunasema "iko sawa" na tunasonga. Tunajiita watu wa teknolojia kwa sababu tuna simu mbili. Kitu kikikataa tunazima na kuwasha, tukiwa na imani zetu kama De Forest na gesi yake. Mimi nilitengeneza video nzima hivyo: nilichukua maneno yaliyokuwa yanafanya kazi, nikayapanga vizuri, yakapata watazamaji. Nilisikia "wiiiii" nikaiita muziki.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyofuata kuchukua redio. Alikuwa amebadilisha kapasita kadhaa na valvu moja aliyoitoa kwenye kopo la maziwa lililojaa valvu kuukuu. Akaiwasha. Tukangoja, maana hizi hazina haraka, lazima kwanza waya upate moto. Rangi ya machungwa ikaanza kuonekana ndani ya vioo. Halafu kutoka mbali, kama mtu anayetoka usingizini, sauti ikapanda kwenye spika.

"Mzee," nikamwambia, "niulize tena lile swali."

Akaniuliza. Nikamweleza kathodi, nikamweleza anodi, nikamweleza hasi na hasi. Nikamweleza makanga na shilingi yake, akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa unajua," akasema. Kisha akaongeza, akiifunga redio nyuma kwa bisibisi: "Na gridi ya pili, ile ya pazia, kwa nini huwa inapewa volti chanya?"

Nimewaambia nitawaletea jibu. Bado nasoma.